Muziki wa Mfongo

Kaka yangu mkubwa alirudi kutoka Ulaya katikati ya miaka ya tisini, wakati kila aliyerudi kijijini kwetu Kilema alirudi na cha kuonyesha: huyu pikapu, yule mashine ya kusaga. Kaka alileta kinanda cha umeme, na maelezo.

Alituambia anatunga muziki wa maji. Huko alikokuwa, watu hulipa kiingilio, hulala chini kwenye mazulia na kuusikiliza wakiwa wamefumba macho. Baba aliuliza kama ni wagonjwa. Kaka akasema hapana, ni watu wenye kazi nzuri.

Alishinda wiki nzima kando ya mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya mlimani hadi mashambani mwetu, ameyashikia maji maikrofoni. Majirani waliopita na majani ya ng'ombe walimpa pole, wakidhani amefukuzwa kazi. Kisha akajifungia chumbani, akayachanganya maji na kinanda, akatoka na kaseti.

Jumapili hiyo mdogo wetu alikuwa anapata kipaimara, na kaka akaomba afungue sherehe yeye. Nani angemkatalia msomi? Spika zikafungwa migombani, watu wakanyamaza na mbege yao, ile pombe ya ndizi, mkononi. Maji yakaanza kutiririka. Kinanda kikatoa sauti moja ndefu, ikakaa, ikaendelea kukaa. Wageni wakasubiri wimbo uanze. Mjomba aliniinamia akaninong'oneza kwamba huenda mkanda umekwama. Watoto wakaanza kuomba kwenda kukojoa, halafu na watu wazima. Mwishowe mpiga disko, kijana mwenye huruma, akamsogeza kaka kwa upole, akaweka rumba, na sherehe ikaanza.

Kaka hakugusa nyama siku ile. Kaseti aliiokota mama, akawa anaipiga zizini wakati wa kukamua. Tulikuwa na ng'ombe wa kisasa mwenye mateke ya kisasa. Aliposikia ile sauti ndefu, alisimama tuli mpaka ndoo ikajaa.

Siku ya kuondoka, kaka aliuliza, kama mtu asiyejali, iwapo kuna yeyote aliyeupenda muziki wake. Sote tukaangalia vikombe vyetu vya chai.

"Yupo mmoja," mama akasema. "Anausikiliza kila asubuhi. Umemtuliza kweli, mwanangu."

"Nani huyo?"

"Jirani tu. Si mtu wa maneno mengi."

Baba alikohoa, akatoka nje. Kaka akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kipaimara, akafungua begi lake na kumpa mama kaseti nyingine mbili ampelekee jirani.