Moyo Ulionichafuka

Asubuhi ile mjukuu wangu alinipeleka hospitali hapa London, maana moyo ulikuwa ukinichafuka tangu alfajiri. Yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Akamwambia daktari kuwa babu yake anasumbuliwa na moyo. Basi nikavuliwa shati, nikabandikwa nyaya kifuani, na daktari akasema nitalazwa. Nikamwambia mjukuu wangu kwa Kiswahili kuwa namwachia Mungu.

Nyuma ya daktari alisimama binti mwenye hijabu, mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Dar es Salaam kuja kujifunza kazi. Baadaye aliniambia ilikuwa siku yake ya pili, na mpaka saa ile hakuwa amethubutu kusema neno.

"Shikamoo babu," akaniambia taratibu. "Moyo unauma, au unachafuka?"

"Marahaba, mwanangu. Unachafuka! Nataka kutapika tu."

Akamgeukia daktari, akamweleza kuwa kwetu moyo ukichafuka ni kichefuchefu. Daktari akauliza nimekula nini. Nikasema sijala kitu, nimemeza tu vidonge vipya vya magoti. Akasema ndivyo vilivyonichafua, nisivimeze tena kabla ya kula. Vipimo vya moyo navyo vikarudi salama, nikaruhusiwa kwenda nyumbani.

"Babu, utaniua wewe!" mjukuu wangu akasema, kwa Kiswahili safi.

Daktari akacheka, akamwambia yule binti kuanzia kesho asisimame tena nyuma. Mimi sikuwa na cha kumpa ila dua, na mpaka leo sijaacha kumwombea, yeye na waliomlea.