Beti Tatu Zilizotwangwa Kimya

Kitabu nilikinunua Morogoro, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa amekisukumia chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Ni chembamba, karatasi zimegeuka rangi ya chai, pini zimeota kutu. Ni mashairi ya mkata mkonge mmoja. Dibaji inasema hakuwahi kukaa darasani. Herufi alijifunza kwenye maandishi ya magunia, kwa kuwauliza wapakiaji. Kilichapwa kabla mimi sijazaliwa.

Nilitembea nacho miaka kumi na tisa. Nimekuwa utingo, mlinzi wa hoteli, kibarua wa chumvi, na kila nilipohama niliacha sufuria nikabeba kitabu, maana ndani yake mlikuwa na kwetu kusini: mihogo, mikorosho, njia za mchanga. Ubeti wa mwisho, kama ilivyo ada ya watunzi, unataja kwao: kijiji cha upande wa Mnazi Bay. Mwaka jana, nilipochoka kuzurura nikarudi kwa dada yangu anayekaa Mtawanya, nilipanda bodaboda kwenda kukitafuta.

Mtunzi alikwishafariki, huko huko kwenye mkonge. Nikaelekezwa kwa binti yake, bibi wa miaka sabini na kitu. Sijapiga hodi nikasikia michi. Bibi na mkwe wake walikuwa wanatwanga makopa, mihogo iliyokaushwa, huku wakiimba shairi ninalolijua kwa moyo. Nikasimama nje ya ua nikiwafuatisha kimoyomoyo. Baada ya ubeti wa nne sauti zikakoma. Nilidhani wameniona, lakini michi haikusimama, nami nikaendelea kichwani: wa tano, wa sita, wa saba. Walipoanza tena kuimba, tulikuwa pamoja kwenye wa nane.

Baada ya salamu niliuliza juu ya kile kimya. Bibi akasema baba yake alileta shairi lile kwenye daftari, kwa mkono wa kibarua aliyekuwa anarudi nyumbani. Mama yake alisomewa mpaka akalishika, halafu mchwa wakala daftari. Uzeeni beti tatu zikampotea. Habari za kitabu hazikuwahi kuwafikia.

"Nafasi yake naitunza," alisema. "Wajukuu wanadhani wimbo ndivyo ulivyo. Nikifa mimi, mwanangu, hata hilo pengo hakuna atakayejua kuwa ni pengo."

Nikatoa kitabu mfukoni. Alifuta mikono kwenye kanga, akakigusa jalada bila kukifunua. Nikaanza kumsomea. Hata mstari wa pili sijaumaliza, akanizuia.

"Unasoma kama tangazo la mkutano. Mchi utaanguka wapi hapo?"

Mkwe akanipa mchi wake, akakishika kitabu mbele ya macho yangu. Mwanamume kutwanga makopa! Majirani wawili walikuja uani wakijifanya wanaomba moto. Nilipiga pembeni, nikapiga ukingo wa kinu, kisha nikaelewa: nusu ya mstari mchi wangu, nusu ya pili mchi wa bibi.

*Jembe usinilaumu, nimekuacha shambani,*
*Mkonge ni wa kudumu, hauna mwisho jamani.*

Bibi akacheka mpaka akauachia mchi. Mwaka ule baba yake anaondoka, alisema, jembe lilibaki limechomekwa shambani likanyeshewa msimu mzima, na mama yake alilisema jambo hilo mpaka anaingia kaburini.

"Alikuwa anamwogopa mama," alisema, akifuta machozi. "Ndiyo maana radhi kamwomba jembe."

Mimi mtu wa kuaga mapema, siku ile nilikaa mpaka alasiri, mpaka beti zote tatu zikamkaa bibi mdomoni, na mkwe wake pia. Nilimwachia kitabu, akanirudishia. Hapa kuna mchwa, alisema. Kaa nacho wewe, ila usiende mbali nacho, tukisahau tukuite. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia nisiende mbali. Nilishukuru, nikaomba maji ya kunywa.

Kabla sijaondoka walitwanga shairi zima, mwanzo hadi mwisho, bila kimya. Mkwe alimaliza akihema.

"Mama, pale ndipo nilipokuwa napumulia," alisema. "Sasa nitapumua wapi?"

"Mwishoni," bibi akamjibu, na akamimina makopa mengine kinuni.