Magoti Kwenye Kokoto

Mimi niliishia darasa la saba, na sioni haya kulisema. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wakati wasomi wa Morogoro bado wanasubiri serikali iwape kazi, mimi nilishateremsha lori la kwanza la simenti. Duka langu la vifaa vya ujenzi lilijulikana toka Bigwa hadi Ngerengere. Hata mabati ya bweni alilolala binti yangu niliyatoa mimi.

Kwa hiyo nilipoitwa shuleni nilidhani wanataka mabati mengine. Kumbe binti, yuko kidato cha tatu, alikuwa akiwapigisha magoti wasichana wa kidato cha kwanza juu ya kokoto mpaka wamwite bosi. Mmoja magoti yalimvimba, akalazwa. Mwalimu wa ushauri nasaha, mama mmoja mtaratibu, alisema bodi inataka kumfukuza, ila atabaki akikubali kukaa naye na kusema kinachomsumbua. Wiki mbili binti hajafungua mdomo.

Nilicheka. Nikamwambia ushauri ni wa wagonjwa, mchapeni, yaishe.

"Mjomba wake yuko wapi?" akaniuliza.

Swali lilinichoma. Mke wangu ni Mluguru, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Lakini shemeji yangu huyo analima kabichi huko mlimani, viatu vyake vya matairi. Nikasema ada nalipa mimi.

"Najua, baba. Ila binti mwenyewe ndiye aliyemtaja."

Shemeji akaja na tope miguuni. Binti akamwamkia, akaketi ubavuni kwake, akaanza kusema. Akaeleza, nami nipo hapo hapo, jinsi nilivyokuwa nikimpigisha magoti kwenye kokoto mbele ya duka kila alipokosea kuhesabu mifuko, wapakiaji wakipita na kumcheka.

"Nilitaka na mimi nijue," akasema, "yule anayesimama huwa anajisikiaje."

Mjomba akamuuliza kama yuko tayari kumwomba radhi yule mtoto. Akakubali. Hakufukuzwa. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Likizo zote zilizobaki alipanda mlimani kwa mjomba wake. Siku hizi ni mtu mzima, ana kazi yake. Akipita dukani husema shikamoo, baba. Nina viti sita vya wateja, vyote vya sponji. Namkaribisha. Hushukuru, akabaki amesimama.