Mutheu wa Winga ya Kulia

Sisi tuliokulia mtaa wa Kabiro tunakumbuka mpira ulivyonukia: vumbi, mihogo ya kukaanga kando ya uwanja, na jasho la jezi tulizoazimana bila kufua. Hakukuwa na buti za rangi ya embe kama za wasichana wa leo, ambao hawapigi hata kona kabla ya kujipiga picha. Kupimwa afya? Kocha wetu, fundi wa kuchomelea milango, alitutazama tu usoni. Aliyesimama alikuwa mzima.

Mutheu, jirani yangu wa ploti, alicheza winga ya kulia. Mara nyingine alichuchumaa akishika kifua, akasema, "Ngojeni kidogo, itapita." Ilipita, naye akakimbia tena kutushinda wote. Mamake alimpikia mboga nyingi za majani, akituambia, "Huyu ni damu tu imepungua."

Siku tuliyocheza na wasichana wa mtaa wa Soweto West, Mutheu alianguka bila kuguswa na mtu. Mashabiki walimzunguka hadi sisi wenzake tukashindwa kumwona. Mmoja alimmwagia maji, mwingine akamnusisha kiatu akidhani ni kifafa. Kocha alisema, "Mpeni hewa," lakini baada ya hapo hata yeye hakujua la kufanya. Tulimbeba kwa mkokoteni wa muuza maji, tukipenya vichochoroni, mimi nimemshika mguu ambao ulizidi kupoa. Hospitalini walituambia ameshafariki, na kwamba huenda moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu utotoni.

Mamake aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa hiyo ningejuaje?"

Leo binti yangu Wanza anachezea timu moja ya mtaa wa Satellite. Kabla ya ligi walipimwa moyo na presha, wakaulizwa kama kuna aliyewahi kuzimia, au mwenye ndugu aliyefariki ghafla. Nesi hukaa kando ya uwanja na mashine ya kushtua moyo, na gari la wagonjwa huegeshwa likitazama barabara. Hata wamefanya mazoezi ya kumwokoa aliyeanguka. Msichana aliyejifanya mgonjwa alicheka mpaka kocha akamfokea.

Jumapili iliyopita Wanza alisimama ghafla, akainama. Nilijikuta katikati ya uwanja, refa akipuliza filimbi.

"Mathe, nafunga tu kamba ya kiatu," aliniambia chinichini. "Si nilipimwa? Toka, watu wanatucheki."

Nilitoka. Enzi zile tulicheza bila kinga na bila hofu. Hawa wana kinga yote, na hofu wameniachia mimi. Nesi alinisogezea kiti karibu naye. Nilimshukuru, lakini sikukaa.