Bluzi ya Veronika

Mwaka 1968, Danieli alipochukuliwa kupiga saksafoni katika bendi ya klabu moja ya wafanyakazi wa bandari ya Mtwara, alichokijua vizuri ni nyimbo za kanisani tu. Alikuwa mtu wa Bukoba, amejifunzia kwenye bendi ya misheni, na kila alichopuliza kilitoka kimenyooka kama gwaride. Klabu ilitaka bluzi, hasa zile za majonzi ambazo watu walizisikia kwenye santuri za mabaharia. Ndipo akatafutwa Mateus.

Mateus alitoka ng'ambo ya Ruvuma. Zamani alikuwa akipiga saksafoni kwenye hoteli huko Beira, mpaka polisi wa Wareno walipomng'oa meno ya mbele kwa kitako cha bunduki. Sasa alilima mihogo katika kijiji cha Ziwani, na mdomo wake haukuweza tena kushika ala. Kila Jumamosi alikuja mtaa wa Chuno kwa baiskeli, akaketi barazani kwa Danieli na kumfundisha kwa kuimba.

"Hii ni *menor*, sauti ya huzuni, ndugu Danieli," alisema kwa Kiswahili chake cha Kireno na Kimakonde. "Mara ya kwanza unasema neno lako. Mara ya pili unalisema tena, maana hawajakusikia. Mara ya tatu unajibu. Katikati, nyamaza."

Danieli hakuweza kunyamaza. Kila nafasi aliijaza.

Aliyesikia zile nafasi ni mkewe, Veronika, mpiga taipu wa ofisi ya ushirika. Alikuwa uani anakuna nazi, na kila Mateus aliponyamaza, mkono wake nao ulisimama. Siku za kazi alirudi nyumbani kabla ya mumewe. Alianza kuishika ile saksafoni kwa kuijaribu tu, kisha ikawa haipiti siku hajaishika.

Mwaka uliofuata, mtoto wao wa pili, mdogo wake Magreth, alishikwa na homa akafa hospitalini. Danieli alikuwa Lindi na bendi. Aliporudi, mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Alikaa matangani na wanaume, akapokea pole, na tangu hapo hakutaka habari hiyo izungumzwe nyumbani. Veronika hakuizungumza. Akawa anaipuliza.

Jumamosi moja Danieli aliitwa kazini kwake bandarini katikati ya somo. Veronika akafuta mikono kwa kanga, akaichukua saksafoni kitini na kupiga mbele ya Mateus. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama.

"Ile sauti ya tano," alisema, "ishushe kidogo, dada. Iache iume."

Akaishusha. Mateus akaziba mdomo kwa kiganja, kama alivyozoea kufanya akicheka, ila hakuwa anacheka.

Danieli alipoambiwa, alitania tu kwa majirani kwamba sasa kwake kuna wapigaji wawili. Utani uliisha mwaka 1970. Asubuhi ya dansi la Sabasaba aliamka na jipu kwenye mdomo, hawezi hata kunywa chai. Saidi, kiongozi wa bendi, alikuja kumwona, akamgeukia Veronika.

"Shemeji, nasikia unaweza. Tuokoe leo."

Mchana ule alisimama jukwaani kwa gauni lake la kazini. Alisema neno lake, akalirudia, akanyamaza muda mrefu mpaka mpiga ngoma akamtazama. Alipojibu, waliokuwa wakicheza walisimama. Wanawake wawili, mikoba mkononi, walitoka nje wanalia bila kujua wanalilia nini.

Danieli alikuwa amekaa nyuma, kitambaa mdomoni. Siku tatu hakumsemesha. Ya nne akafunga mlango wa chumba.

"Mama Magreth, nifundishe ile."

"Ile siyo ya kufundishwa."

"Watu watanicheka. Nifundishe, na wewe utakuwa unapiga zamu yako."

Akamfundisha, kipande kwa kipande, akimwonyesha mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuacha. Danieli hakuuliza imetoka wapi. Zamu ya Veronika haikuja. Kila alipouliza, aliambiwa dansi lijalo.

Kisha mafundi wa redio walikuja kutoka Dar es Salaam kurekodi bendi za mikoani. Wiki chache baadaye, ofisini, Veronika alisikia kifo cha mwanawe kinapita redioni, na mtangazaji akamsifu Danieli kwa jina. Rozalia wa meza ya pili aliacha kazi akasikiliza.

"Mumeo ana huzuni tamu," alisema.

Veronika akaingiza karatasi nyingine kwenye mashine.

Bendi moja kubwa ya Dar ikamwita Danieli. Aliondoka na saksafoni, akiahidi kuwaita Veronika na Magreth akipata nyumba. Nyumba haikupatikana. Mateus naye, Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, alipita kuaga.

"Nilikusikia redioni," alisema.

"Alikuwa Danieli, mzee."

"Najua nani alikuwa anapuliza." Akapanda baiskeli yake kuelekea mtoni.

Mwisho wa mwaka huo Danieli alirudi kwa siku mbili. Alikuwa amekonda, shati limepauka. Miaka yote hiyo alikuwa akipiga solo ileile, na watu walikuwa wameichoka. Aliiweka saksafoni mezani.

"Nipe nyingine, Vero. Moja tu."

Zilikuwepo. Nyingine Veronika alizipata akitembea kwenda kazini, nyingine akifua, na zote alizishika kichwani. Aliitazama saksafoni. Kwa miaka mingi mdomo wake haukuwa umeigusa, na ulikuwa umelegea kama wa mtu mwingine yeyote.

"Sina," alisema.

Danieli alimwamini mara moja, na hilo ndilo lililomuuma Veronika zaidi. Kesho yake akaifunga ala yake, akaondoka. Veronika alikuwa amedhani kumnyima mumewe kungempa yeye faraja, na hakukumpa. Alikaa uani mpaka Magreth akarudi kutoka shule na kuuliza kama kuna chakula, na hakikuwepo.