Waliokuja Kupima Madirisha

Kwa miaka tisa fundi wa meno ya bandia alitoka lango lile lile kila asubuhi kwenda stesheni, na kwa miaka saba kati ya hiyo hakutembea peke yake. Mtaa wao ulikuwa mbali na mjini, wa nyumba zenye ua mbele na banda la kuanikia nguo nyuma. Mchana ulinyamaza hivi kwamba mtu akikohoa nyumba ya tatu ungemsikia, maana wote wenye nguvu walikuwa wameshaondoka na treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi.

Aliyetembea naye alikuwa jirani wa nyumba ya kona, mfanyakazi wa ofisi ya upimaji wa ardhi, ambaye mtaa mzima ulimwita Ramani. Walikaa behewa la tatu, viti vya kutazamana, na walizoeana kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwingine alikuwa na leso tayari. Ramani alimwita mke wa fundi shemeji, na watoto wa fundi walimwita baba mkubwa. Walikuwa chanda na pete.

Nyumba aliyokaa fundi haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi mmoja mjane aliyehamia kwa mwanawe, mji mwingine, akawa anakuja mara moja kwa mwaka kuiangalia. Lakini fundi aliitunza kuliko vitu vyake. Bomba la jikoni lilipopasuka hakumsumbua mtu. Alinunua jingine akalifunga mwenyewe. Aliweka vigae bafuni, akang'oa mbao za dari zilizoliwa na mchwa, akatia mpya. Mkewe, mwalimu wa chekechea ya hapo mtaani, alikuwa akimcheka.

"Baba watoto, nyumba ya watu unaipaka rangi mara mbili. Ukipata yako utaipaka nini?"

"Hii ndiyo yangu. Bado karatasi tu."

Hakuwa anaota mchana. Bibi mwenyewe alimwambia pale pale sebuleni, kikombe cha chai mkononi: "Mwanangu, siku nikiichoka nyumba hii, wewe ndiye wa kwanza kujua. Mtu aliyekutunzia kitu humruki ukaenda kwa mwingine."

Siku hiyo ikafika. Jumapili moja alasiri bibi alipiga simu. Alisema miguu imekataa safari, na mwanawe anamshauri auze. Alitaja bei, bei ya kiungwana, akaomba jibu kabla ya mwezi kwisha. Fundi alipokata simu alibaki kitini akitabasamu kama aliyetekenywa.

"Mpigie kesho umwambie ndiyo," alisema mkewe.

"Kesho namuuliza Ramani kwanza. Mambo ya hati ndiyo kazi yake."

Kesho yake kwenye treni alimsimulia yote. Ramani alisikiliza mpaka mwisho, macho dirishani, kisha akauliza bibi anakaa wapi siku hizi, kama mtu anayeuliza saa. Fundi akamwambia, mpaka na jina la mtaa.

"Usiwe na pupa, ndugu yangu," alisema Ramani. "Ukimjibu leo atajua una njaa, na bei itapanda. Tena mpaka wa nyuma wa kiwanja kile sina hakika nao. Niachie nipekue faili. Akipiga tena, mwambie unafikiria."

"Bibi si mtu wa kupandisha bei."

"Bibi, sawa. Na mwanawe je?"

Fundi akaona maneno yale yana akili. Angekosaje kuyaona? Huyu ndiye aliyekaa naye hospitalini siku mbili mtoto wake wa pili alipovunjika mguu. Wiki ya kwanza ikapita, Ramani akasema faili limezikwa chini ya mengine. Wiki ya pili bibi akapiga simu.

"Umeamuaje, mwanangu?"

"Bado nafikiria, mama."

"Haya, fikiria," alisema bibi, na haikuwa sauti yake ya siku zote.

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Aliacha shuka nusu. "Unafikiria nini?"

"Ni mbinu tu, mama watoto."

"Mbinu ya nani?"

Wiki ya tatu Ramani alikuwa na mafua, hakupanda treni kwa siku tatu. Fundi alimpelekea ndimu na asali. Hakumkuta. Mke wa Ramani alisema ametoka kidogo, huku akikwepa macho yake.

Jumamosi iliyofuata fundi alikuwa akipunguza ua kwa mkasi mkubwa alipoona vijana wawili wakisimama langoni. Mmoja alikuwa mtoto wa Ramani, aliyemjua tangu akiwa na sare za shule. Mwingine alikuwa mchumba wake, msichana mwenye adabu, daftari kwapani na futi ya fundi cherehani shingoni.

"Habari za asubuhi, baba," alisema msichana. "Tumekuja kupima madirisha. Ya mapazia."

"Madirisha gani?"

"Haya." Akaonyesha nyumba. "Baba mkwe alisema mnajua. Alisema mnahama mwisho wa mwezi ujao, ila tuje mapema kwa sababu fundi wa mapazia anachelewesha."

Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Mke wa fundi alikuwa ametoka mlangoni, na mikono yake, iliyozoea kusaidia watoto wa watu, ilipokea ncha ya futi kabla kichwa hakijaelewa. Akaishikilia kwenye fremu ya dirisha la sebule huku msichana akiandika vipimo. Walimaliza sebule, wakaenda chumbani. Kwenye dirisha la tatu alielewa. Hakuiachia futi. Aliishika mpaka msichana akamaliza kuandika, akamwambia, "Hili la jikoni halihitaji pazia, mwanangu, mvuke utaliharibu," kisha akaingia bafuni akajifungia.

Fundi alimpigia bibi simu akiwa amesimama pale pale uani, mkasi bado mkononi.

"Mama, umeuza nyumba?"

"Si umenitumia mtu mwenyewe?" Bibi alishangaa. "Rafiki yako alikuja mpaka hapa. Akasema umejenga kwako, unaona haya kuniambia, ndiyo maana unasema unafikiria. Akasema wewe ndiye uliyemtuma achukue yeye, isiende kwa mgeni. Nikasema moyoni, miaka tisa, hata kuniaga ameona kazi. Nikatia saini."

"Sijajenga popote, mama. Sikumtuma mtu."

"Mwanangu," alisema bibi, "kwa nini hukusema ndiyo?"

Fundi aliweka mkasi chini, akaenda nyumba ya kona.

Alimkuta Ramani barazani akisoma gazeti. Hakuinuka, alisogeza tu kiti cha pili kwa mguu, kama siku zote.

"Kaa, fundi."

"Nimetoka kuongea na bibi."

Ramani akakunja gazeti taratibu. "Ulisema unafikiria. Anayefikiria hanunui."

"Wewe ndiye uliyeniambia nifikirie."

"Nilikushauri, sikukulazimisha. Kijana anaoa. Nyumba za kuuzwa mtaa huu zinatoka mara moja kwa miaka kumi, wewe unajua. Ningefanyaje?" Akatabasamu, tabasamu la kuomba yaishe. "Tena hatuwafukuzi. Mkihitaji miezi miwili mitatu, kaeni. Mimi na wewe hatutafarakana kwa ajili ya matofali."

Fundi alikuwa akiyatazama yale meno. Safu nzima ya juu aliitengeneza yeye, kwenye meza yake ya dirishani ghorofa ya pili, na lile jino la pembeni alilipaka unjano kidogo kwa makusudi ili mtu asijue ni la bandia. Alirudia kuichonga mara nne mpaka Ramani akaweza kusema bila kupiga mluzi. Sasa alikuwa akisema vizuri sana.

"Ungeniomba," alisema fundi. "Ungeniambia kijana anaoa, nikuachie. Pengine ningekuachia."

"Pengine," alisema Ramani. "Pengine haijengi."

Fundi akashuka ngazi za baraza.

Jumatatu alipanda behewa la tatu kwa mazoea. Ramani hakuwepo. Karani wa posta aliyekaa nao miaka yote alisogea kumpa nafasi. "Pole, fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi tulidhani mmeelewana. Alituambia tangu wiki mbili zilizopita, asubuhi ile ulipowahi treni ya kwanza."

"Mlijua nyote?"

"Tuliona ni mambo yenu."

Fundi akawatazama mmoja mmoja: karani, muuza dawa, yule mama wa benki anayeshona vitambaa njia nzima. Kila mmoja alipata kitu cha kutazama nje. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Fundi alikuwa ameona hata nguo yenyewe imo katika njama. Stesheni iliyofuata akateremka, akahamia behewa la mwisho.

Safari hii mkewe hakuacha jambo mikononi mwa mtu. Alitafuta mwenyewe, siku za mapumziko ya shule, akapata nyumba ambayo haijamalizika stesheni ya mwisho kabisa ya reli, dakika arobaini zaidi. Haikuwa na dari wala plasta nje. Aliuliza bei, akatikisa kichwa, akaulizia tena, akasema ndiyo siku hiyo hiyo akiwa amesimama kwenye mchanga wa ujenzi. Hati ikaandikwa majina mawili. Bibi alipopata habari alituma salamu na maombi ya msamaha. Fundi alimjibu kwa heshima, kwa maneno machache.

Walihama kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata, wakaacha vigae na madirisha yaliyokwisha kupimwa. Mtaa mpya ulikuwa kimya pia. Siku ya tatu jirani wa mkono wa kulia, mtu mzima mwenye kicheko kikubwa, alimdaka fundi asubuhi njiani kwenda stesheni. Walitembea pamoja mpaka mlango wa tikiti.

Jioni mkewe alikuwa akipepeta mchele. "Nimewaona mkiongozana. Kakwambia nini jirani?"

"Ameniuliza habari, nimemjibu nzuri."

"Hakukuuliza habari. Mkewe kaniambia. Alikuuliza kama tunahitaji toroli ya kubebea mchanga."

Fundi alivua viatu, akavipanga ukutani, kisogo kikiwa kinamwelekea mkewe. "Aliniuliza hivyo?"

"Mara mbili."

Akafikiri kidogo. Kweli alisikia sauti, akaona midomo ikicheza, akaitikia. Lakini maneno yenyewe hakuyaruhusu yaingie. Nje, ng'ambo ya ukuta usiopakwa, toroli ya jirani ilikuwa imeegemezwa upande wao, tupu, magurudumu yameoshwa. Mkewe alitoka kuichukua.