Sista wa Chumba cha Trei za Mayai

Ni saa tatu kasorobo asubuhi, na Melvin Apondi anafukuza watu. Anamfukuza mpishi aliyeleta uji, anamfukuza shangazi aliyekuja kumwona mtoto, na hata mwandishi wa makala haya anaambiwa azime simu, avue viatu na ajitahidi asikohoe. Anayebaki kwa heshima zote ni mtoto wa siku mbili, amelala fofofo kifuani pa mama yake, Mbeke.

"Humu mwenye haki ya kupiga kelele ni yeye peke yake," Apondi ananong'ona, akimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Na leo tunamwomba asiitumie."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Kiko nyuma ya wodi ya akina mama, katika kituo kimoja cha afya mjini Kitengela, hatua chache tu kutoka barabara ya Namanga ambako malori hunguruma mchana kutwa. Kuta, dari na mlango vimepigiliwa magodoro ya zamani, na juu ya magodoro zikapangwa trei za mayai, zile za karatasi. Ukiingia na kufunga mlango, unasikia mapigo ya moyo wako mwenyewe.

Apondi anaingiza ncha laini ya kifaa chake ndani ya sikio la mtoto. Kifaa hutuma milio midogo mno, na sikio lisilo na kasoro huijibu kwa mlio wake, mdogo zaidi. Kisha mtu husubiri.

"Tunabisha hodi, tunangoja karibu," anaeleza.

Taa ya kijani inawaka. Sikio la pili, kijani tena. Mbeke anacheka kwa raha.

"Kumbe ni hivyo tu, sista? Na mimi jana nilimpigia makofi akashtuka, nikajua yuko sawa."

"Huyo amesikia upepo wa mikono yako, mama. Kuna mama aligonga sufuria kando ya kitanda, kitanda kikatetemeka, mtoto akaruka. Mama akasema asante Mungu. Mtoto alikuwa amesikia na mgongo."

Mbeke anaondoka na kadi yake. Apondi anaitazama saa ya ukutani, kwa mara ya nne tangu tuketi. Saa tano anatarajia mgeni, msichana wa miezi mitano na nusu aitwaye Faysa Jimale, ambaye Jumatatu alivalishwa vifaa vya kusikia huko Nairobi. Leo Apondi ataona kama vinamfaa, na hafichi kwamba ana wasiwasi.

"Huyu mtoto niliharibu kesi yake mimi mwenyewe," anasema. "Kama hatasikia, sitalala vizuri."

Apondi ana miaka 44. Alizaliwa Siaya, akaja Kitengela kutafuta kazi, na ni muuguzi kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi ya kupima masikio ya wachanga aliianza miaka sita iliyopita, baada ya kituo kupewa kifaa kimoja ambacho hakuna aliyekitaka. Mshahara ni ule ule wa wodi, kwa hiyo huingia saa moja kabla ya zamu. Daftari lake lina watoto 2,314. Kati yao 61 waliitwa tena, na tisa wakaonekana kweli hawasikii vizuri. Hao tisa anawajua kwa majina, na siku zao za kuzaliwa ziko kwenye kalenda ya jikoni kwake, pamoja na za wanawe.

Ukimuuliza kwa nini alikipokea kifaa kile, anainuka, anafungua mlango na kuashiria uani. Huko kuna mwanamume mwenye penseli sikioni anaranda ubao. Ni mdogo wake, Elphas, fundi wa mbao, miaka 36. Hasikii tangu kuzaliwa, na nyumbani kwao hawakulijua hilo mpaka alipofika miaka mitano.

Kabla ya hapo walimwona mtundu. Aliitwa hakuja, alikatazwa hakukoma. Kulikuwa na jirani mmoja ambaye kila Elphas alipochapwa alisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Apondi anaurudia msemo huo polepole, kisha anatikisa kichwa.

"La mkuu lingemfikia na nini? Na mimi nilikuwa nashika miguu yake achapwe vizuri. Nilikuwa msichana wa kumi na tatu, nilidhani nasaidia."

Elphas ndiye aliyekijenga chumba hiki. Dada yake alimweleza kwa mikono kwamba kila lori likipita, kifaa kinachanganyikiwa, na watoto wazima wanaonekana wabovu. Elphas akakusanya magodoro yaliyotupwa, akaenda mabandani Isinya kuomba trei zilizochakaa. Wafugaji wa kuku walimwona kichaa. Alipomaliza, alisimama katikati ya chumba, akamuuliza dada yake kwa ishara kama kimya kimetosha, maana yeye hakuwa na njia ya kujua.

Sasa turudi kwa Faysa.

Alizaliwa katika kituo hiki, na dakika chache baadaye baba yake, Jimale, mfanyabiashara wa mbuzi, alimpakata, akamwadhinia katika sikio la kulia, yaani akamsomea mwito wa swala, na kumsomea ikama katika la kushoto, kama baba yake alivyomfanyia yeye. Siku ya pili Apondi akampima. Taa nyekundu, masikio yote mawili.

Hilo halikumtisha. Masikio ya mtoto mchanga huwa bado na majimaji ya tumboni, na wengi hukosa mara ya kwanza wakapata ya pili. Alimwambia mama, Deeqa, kwamba huenda sikio limeziba tu, arudi baada ya wiki mbili.

Deeqa hakurudi, na Apondi alijua hatarudi. Kwa Wasomali, aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, analishwa supu, anakandwa, na mtoto hatoki nje. Apondi hana ugomvi na desturi hiyo. "Mimi nilifua nguo siku ya tatu," anasema. "Ningepewa hizo arobaini, ningezikubali na mikono miwili."

Basi siku ya kumi na nane alitia kifaa mkobani akaenda mwenyewe, ghorofa ya tatu, mtaa wa nyuma ya soko. Alizima friji. Akawaomba wageni wahamie jikoni na ubani wao. Akapima. Nyekundu tena. Ndipo alipoona sikio la mtoto linang'aa.

"Nani ameweka mafuta?"

"Mimi," alijibu nyanya wa mtoto, Ugbad, ambaye nyumba nzima humwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. "Simsim ya moto kidogo. Ulisema sikio limefunga, nikalifungua. Nimelea watoto kumi na mmoja, wote niliwatia mafuta. Wote wanasikia, mpaka mambo hawafai kusikia."

Jikoni watu wakaangua kicheko, na Apondi akacheka nao. Ulimi hauna mfupa. Akasema, "Ah, basi ni mafuta tu."

Aliendelea kueleza kwamba waache kutia mafuta, na kwamba lazima mtoto apimwe upya, lakini nani alikuwa bado anasikiliza? Deeqa alikuwa analia kwa furaha. Ayeeyo alishaita chai.

"Watu hushika neno la kwanza," Apondi anasema. "Na neno langu la kwanza sikuwa nalijua kama ni la kweli. Nilitaka tu kuwafurahisha."

Siku ya arobaini ikapita. Simu ya Jimale ilikuwa haipatikani. Alikuwa safarini kununua mifugo. Mara mbili Apondi alipanda ghorofa ya tatu, mara mbili akapewa chai na kuambiwa kwamba mtoto ni mzima, si alisema mwenyewe ni mafuta? Bila baba, hakuna aliyekuwa tayari kumtoa. Na katika kazi hii kalenda haina huruma: mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lijulikane kabla ya mitatu, asaidiwe kabla ya sita. Akicheleweshwa, maneno nayo huchelewa, na huenda yasije kabisa.

Siku ya hamsini na nane alisikia kwamba Jimale amerudi na yuko soko la mbuzi, Isinya. Alipanda boda na sare yake ya kazi. Langoni mzee wa Kimaasai alimsalimu, "Sopa, daktari," akamjibu "Epa," akapenya katikati ya mbuzi mpaka kwa mwenyewe.

Jimale anayakumbuka mazungumzo hayo vizuri kuliko Apondi. "Nilikasirika," anasema. "Nilimwambia, sista, wewe ulisema ni mafuta. Na mimi nilimwadhinia mtoto wangu. Neno la kwanza kwa sikio lake lilikuwa jina la Mungu. Sasa unaniambia halikufika?"

Wanunuzi waliacha kupapasa mbuzi wakawatazama.

"Nilingoja anibishie," Jimale anaendelea. "Akaniambia, 'Baba Faysa, nilikosea. Nilisema kitu sikuwa najua, na bado sijui. Niletee mtoto nijue.' Mimi nauza mbuzi miaka ishirini. Hapo sokoni sijawahi kusikia mtu akisema nilikosea. Nikasema, huyu nitamletea."

Kesho yake Faysa alilala katika chumba cha trei, masikio makavu, nje malori yakipita bila kusikika. Nyekundu, nyekundu. Apondi hakusema neno mpaka alipohakikisha mara tatu. Hospitali kubwa ya Nairobi ilithibitisha mtoto akiwa na wiki kumi na moja: husikia mlango ukibamizwa au honi ya lori, lakini maneno ya kawaida hayamfikii. Bei ya vifaa Jimale aliitafsiri kwa lugha anayoielewa, mbuzi kumi na tisa, akawauza.

Saa tano na dakika kumi wanaingia. Deeqa mbele, Jimale amempakata Faysa, Ayeeyo nyuma na fimbo yake. Vifaa viwili vya rangi ya waridi vimekaa nyuma ya masikio ya mtoto, vimefungwa kwa uzi ili asivile. Kwa mara ya kwanza leo Apondi hamfukuzi mtu. Hata Elphas anaachwa asimame mlangoni.

Apondi anachukua njuga ndogo, anazunguka nyuma ya mtoto, anaitikisa taratibu. Faysa anatafuna pindo la shungi la mama yake. Anaitikisa upande wa pili. Faysa anaendelea na pindo.

Apondi anapiga goti mbele ya Deeqa, na sauti yake ni ya mtu anayepima kila neno.

"Sisemi kitu leo ambacho sijui. Wengine huchukua wiki kadhaa kuzoea. Tutajaribu tena."

Jimale anakohoa. "Sista, hapa ni kimya. Tangu Jumatatu nimetafuta mahali pa kimya, Nairobi hakuna, nyumbani wageni. Naweza kumwadhinia?"

"Si ulimwadhinia siku ile alizaliwa?" Deeqa anamuuliza.

"Nilimuuliza sheikh. Amesema ile ya kwanza inatosha, Mungu ameipokea. Hii ni yangu mimi."

Apondi anamwonyesha umbali, kiasi cha shubiri moja. "Usisogee sana, kifaa kitapiga filimbi."

Jimale anamgeuza mtoto, sikio la kulia kuelekea mdomo wake, na anaanza kwa sauti ya chini, ile ya kuongea na mtu mmoja tu. Allahu akbar, Allahu akbar. Faysa anaacha kutafuna. Pindo linadondoka. Mikono yake inakaa hewani, macho yanafunguka wazi, yanatafuta juu, pembeni, kisha yanakuta ndevu za baba yake na hapo yanatulia. Baba anaendelea, sauti inakatika katikati, anaanzia pale ilipokatika. Mtoto hapepesi macho mpaka mwisho.

Ayeeyo analia waziwazi. "Wallahi, mafuta siweki tena," anasema, na Deeqa anacheka na machozi yake.

Mlangoni, Elphas ameuona uso wa mtoto ukibadilika. Anamuuliza dada yake kwa kidole sikioni na nyusi zilizoinuka. Apondi anamwitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, mara nyingi.

Dadake Jimale anatarajia kujifungua mwezi ujao, Isinya, na Apondi ameshaombwa aende. Anataka zaidi ya kwenda. Zahanati moja huko imekubali kumpa chumba, na sasa anahangaikia kifaa cha pili pamoja na muuguzi wa kumfundisha. Elphas hajasubiri lolote kati ya hayo. Ukutani uani kwake ameegemeza trei 260, na kwa hesabu yake zimebaki 140 ili chumba cha Isinya kitimie.

Wageni wanajiandaa kuondoka. Faysa, ambaye sasa amegundua kwamba ana sauti, anapiga yowe moja kali la kufungua mdomo wote, ananyamaza kulisikiliza, kisha analipiga tena. Apondi anamtazama huku akipangusa uso kwa mkono wa sare.

"Nikuambie matumaini yangu?" anasema. "Nataka siku moja huyu aje hapa na miguu yake, aongee, aimbe, asumbue, mpaka nimfukuze kama ninavyofukuza wengine."